Kumsomea Mtoto: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mazungumzo mengi ya nyumbani ni amri fupi fupi: njoo, kula, oga, lala. Hayamtoshi mtoto. Msamiati mpana na sentensi ndefu vimo vitabuni, na asiyevisikia mapema hupata taabu akianza shule. Wazazi na walimu, zingatieni haya.

FANYA

1. Msomee kila siku, hata kabla hajajua herufi. Neno alilolizoea kwa sikio atalitambua upesi akilikuta limeandikwa.

2. Soma maneno kama yalivyo. Hadithi husonga hivi: "Sungura alitoka, akanusa, akageuka, akatimua mbio." Hiyo "-ka-" humfundisha mfuatano wa matukio, na ataihitaji siku akiandika insha.

3. Zipe uhai tanakali za sauti. Jiwe likitumbukia majini, lisikike chubwi! Mzigo ukianguka, uanguke pu! Mtoto atarudia mwenyewe, na kwa kurudia atazoea kusikia silabi.

4. Chagua hadithi zenye kibwagizo kinachojirudia, umwachie akimalizie.

5. Uliza "kwa nini". Swali la "Fisi alikula nini?" hujibiwa kwa neno moja. "Kwa nini fisi alirudi kisimani?" hudai sentensi nzima, na kufikiri.

USIFANYE

1. Usiruke neno gumu. Akikutana na "ghala", mweleze kwa kifupi, kisha endelea. Akilisikia tena na tena, litakuwa lake.

2. Usimpe kitabu chenye upatanisho mbovu. Ngeli hushikwa kwa kusikia kabla ya kufundishwa darasani; kitabu kinachosema "kikombe yake imevunjika" kinamharibu.

3. Usimkaripie akikosea. Akisema "kisu yangu", mjibu: "Ndiyo, kisu chako kiko wapi?" Amesahihishwa bila kuaibishwa.

4. Usivifungie vitabu kabatini eti visichafuke. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya hakijamsaidia mtu.

5. Usikidharau kitabu cha Kiswahili kwa kukimbilia cha Kiingereza. Anayejua kusoma kwa lugha anayoielewa huhamishia ujuzi huo kwenye lugha nyingine. Anayekariri asichokielewa hajasoma.

6. Usisingizie uhaba wa vitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya kupunguza uhaba huo, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Kama huwezi kununua, azima.

Kujua kusoma hakuanzi siku mtoto anapovaa sare ya shule; huanza kwa lugha anayosomewa akiwa bado mapajani. Usimwachie mwalimu peke yake kazi hiyo. Leo, kabla mwanao hajalala, msomee.