Meno ya Chanuo Yanaelekea Wapi?

Nafundisha darasa la awali huku Kirumba, Mwanza. Watoto wa watu nawasoma nyusoni kila asubuhi. Wa kwangu sikumsoma mpaka muuguzi wa macho alipokuja shuleni kupima, binti akiwa na miaka minne.

1. Mtoto hajui kwamba haoni. Wa kwangu alikuwa akifukuza kunguru kwenye chanja za dagaa na kuokota mawe madogo mchangani bila kukosea. Jicho moja lilikuwa linafanya kazi ya mawili. La pili likawa linaleta ukungu, ubongo ukachoka nalo, ukaizima picha yake. Hilo ndilo jicho vivu. Utotoni linaamshika; akishapita miaka saba au minane, kazi inakuwa ngumu.

2. Funika jicho moja kabisa, na usimwachie mtoto alifunike mwenyewe. Binti yangu alisimama kwenye mstari wa chaki, mita 6 kutoka kwenye chati yenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku. "Hili ni chanuo. Meno yanaelekea wapi?" Akajibu kwa mkono: juu, chini, kwa bibi, dukani. Jicho la kulia, safi. La kushoto pia safi, mpaka muuguzi alipoona anachungulia katikati ya vidole. Akachukua kipande cha boksi la dawa, akaliziba la kulia barabara. Mtoto akaanza kulia na kuusukuma ule mkono. Nikamkaripia aache deko.

"Mwalimu, mwache. Hadeki huyu. Tumemzimia taa."

3. Makengeza si urembo. Kabla ya kipimo hicho, jioni akichoka, jicho lile la kushoto lilikuwa linakimbilia puani, bibi yake akasema mjukuu amejaliwa macho ya kurembua. Kituo kimoja nilichompeleka kilinituliza kwamba yataisha akikua. Karibu mwaka mzima ukapita hivyo. Kichanga macho kumchezacheza kidogo ni kawaida, lakini akivuka miezi sita na bado yanacheza, mpeleke.

4. Weupe ndani ya mboni hausubiri kesho. Wakati mwingine mzazi huuona kwanza kwenye picha ya simu: jicho moja jekundu, jingine linang'aa kama la paka. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani. Nenda Hospitali ya Bugando. Wa Sengerema hawana tena kisingizio cha kivuko, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025.

5. Miwani ni nusu ya safari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwapima wanafunzi 2,511 wa sekondari hapa jijini. Kati ya waliokuwa na kasoro ya kuhitaji miwani, waliokuwa wakivaa hawakufika theluthi. Siwashangai. Ya binti yangu ilikaa kabatini wiki nzima, mimi nikiogopa mtoto atachekwa. Alipoivaa, wenzake walimwita "Daktari", akakataa kuivua hata kulala. Vita ilikuwa kiraka cha kuziba jicho zima saa mbili kila siku ili lile vivu lifanye kazi: kimoja nilikikuta kwenye ndoo ya unga, kingine kimebandikwa mgongoni mwa mbuzi.

Juzi alinibandika mimi, akanisimamisha mlangoni, akainua karatasi yake ya E. Mistari mitatu niliisoma. Wa nne nilibahatisha.