Ngome, gereza, boma: maneno ya njia moja ya vilima

Neno ngome tunalisikia redioni karibu kila wiki. Kijiji fulani cha Masisi ni "ngome ya waasi". Siku nyingine tunaambiwa kwamba ngome ya kundi fulani huko Walikale imeanguka. Anayevijua vijiji hivyo hujiuliza ukuta ulioanguka ulikuwa upi. Kuna migomba, mashamba ya mihogo, shule ya mbao na njia ya udongo inayoteleza mvua ikinyesha. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba neno hilo lina ukuta ndani yake, kwamba ukuta huo una historia, na kwamba watu wa vilima vyetu wana sababu ya kutolitumia wanapoeleza yaliyowapata.

Nitaanzia mbali, huko Oman, kwenye njia ya miguu inayopita juu ya miamba kati ya Mutrah na Muscat. Sababu ni hii: huko ngome ni mawe yanayoonekana, na waliozishindania ndio hao hao walioshindania Mombasa, Kilwa na Unguja. Maneno tunayoyachunguza yalipata maana zake katika pwani hiyo, kisha yakapanda bara pamoja na misafara hadi Maniema, jirani ya Walikale. Anayetaka kujua mto wetu umebeba nini ni lazima apande hadi chemchemi.

Njia yenyewe ni fupi, haifiki kilomita 3. Inaanzia nyuma ya bustani ya Riyam, ile yenye chetezo kikubwa kilichojengwa juu ya kilima, na inapanda kwa ngazi za mawe. Alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu zimepakwa juu ya miamba ili mtu asipotee. Inapita kwenye magofu ya makazi ya zamani, halafu inashuka upande wa pili hadi Mutrah. Zamani, kabla ya barabara ya magari kuchongwa kando ya bahari, aliyetoka bandari ya Mutrah kwenda Muscat alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: mashua, au kupanda mlima. Ndiyo maana juu ya vilele kuna minara ya walinzi. Upande wa Mutrah iko ngome ya Mutrah juu ya mwamba wake. Upande wa Muscat ya zamani ziko mbili, al-Mirani na al-Jalali, zinazotazamana juu ya maji ya bandari. Mtu wa Masisi haoni ajabu hapo. Kwetu pia anayeshika kilele ndiye anayeamua nani apite bondeni.

Wareno waliingia Muscat mwaka 1507, na ngome hizo zilipata umbo lake kubwa katika miaka ya 1580. Miaka michache baadaye, mwaka 1593, walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Mwaka 1650 Waomani waliwafukuza Muscat. Kisha wakawafuata Afrika ya Mashariki, wakaizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi 33. Kwa hiyo ngome za pande mbili za bahari zina historia moja: zilijengwa na Wareno, zikatwaliwa na Waomani, na wenyeji wa kila mji waliishi chini yake wakitazama mizinga kutoka nje. Hilo la mwisho tulishike, kwa sababu hapo ndipo maneno yalipogeuka.

Waomani hutenganisha majengo haya kwa majina. Kuna qal'a, ngome ya kivita hasa, na kuna hisn, ambayo pamoja na ulinzi ni makao ya mtawala au liwali. Kiswahili kilichukua hilo la pili likawa husuni. Sauti za neno letu ziko karibu zaidi na wingi wa Kiarabu, husun, kuliko umoja wake. Si jambo geni kwa neno la mkopo kuingia likiwa katika wingi na kutumika kama umoja. Linalonivutia zaidi ni matumizi yake. Husuni Kubwa ya Kilwa, ya mwanzo wa karne ya 14, ilikuwa kasri la sultani, lenye kumbi, birika la kuogea na ghala za bidhaa. Haikujengwa kwa ajili ya vita. Watu waliokuja baadaye waliona kuta nene juu ya genge la bahari, wakaziita husuni. Jina lilitolewa na mtu aliyesimama nje, kwa jinsi alivyoona.

Gereza linaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba neno hili limetokana na igreja ya Kireno, yaani kanisa. Tufuate sauti moja moja. Irabu ya mwanzo, i, imedondoka. Konsonanti mbili zilizofuatana, g na r, zimetenganishwa kwa irabu, na irabu iliyochaguliwa ni e, nakala ya ile inayofuata: gere-. Linganisha na carta iliyokuwa karata, ambamo a imeingia kati ya r na t. Sauti ya j ya Kireno, ambayo Kiswahili hakina, imepata jirani yake wa karibu, z. Irabu ya mwisho ilikuwepo tayari, haikuhitaji msaada. Neno likaingia katika ngeli ya 5 na 6: gereza, magereza. Kwa upande wa fonolojia hakuna fumbo.

Fumbo ni maana. Kanisa limekuwaje jela? Kwa hatua mbili, na zote mbili zina mahali pake. Huko Unguja, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Jina la mahali linaweza kubaki hata jengo likibadilika. Kilwa Kisiwani, ngome iliyo ufukweni, ambapo Wareno walijenga kwanza mwaka 1505 na Waomani wakajenga upya baadaye sana, inaitwa Gereza hadi leo, kwa maana ya ngome. Hiyo ni hatua ya kwanza, kutoka kanisa kwenda ngome. Hatua ya pili ni matumizi ya watawala. Ngome Kongwe ilifungiwa watu katika karne ya 19. Ngome ya Yesu ilikuwa jela ya serikali ya Kiingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mtoto aliyezaliwa Mombasa mwaka 1900 hakuwahi kuona mzinga ukipigwa kutoka kwenye kuta zile. Aliona watu wakiingizwa mlangoni.

Mtu anaweza kudai kwamba hii ni bahati ya neno moja tu. Turudi basi kwenye njia yetu ya vilima. Al-Jalali, ngome ya mashariki ya bandari ya Muscat, nayo ilikuwa jela kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hadi miaka ya 1970, kabla ya kugeuzwa makumbusho. Huko hakukuwa na neno la Kireno la kugeuka maana, lakini jengo lilipita njia ile ile. Ukuta unaomzuia adui asiingie unaweza pia kumzuia mfungwa asitoke. Seremala wa mlango hana la kubadilisha isipokuwa upande wa komeo. Kwa maoni yangu, historia ya gereza ni historia ya komeo hilo, na lugha ya wenyeji ililiona mapema kuliko vitabu.

Neno la tatu, boma, ndilo lililosafiri zaidi kwetu. Si la mawe. Ni uzio wa miti iliyochongwa ncha au wa miiba, wa kulinda kijiji, ng'ombe au kambi ya msafara. Kuna kitenzi bomoa, na kukiweka kando ya boma kunashawishi, kama tunavyoweka choma na chomoa: kiambishi cha kutengua kinafungua kilichofungwa. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliotoka Unguja walijizungushia maboma katika vituo vyao vya Maniema, Nyangwe na Kasongo. Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, alikuwa mtu wa Unguja mwenye asili ya Oman. Vita vya 1892 hadi 1894 kati yao na jeshi la Dola Huru la Kongo vilipiganwa kwa sehemu kubwa kwa kuzingira maboma, na neno lenyewe liliingia katika maandishi ya Wazungu waliokuwepo, kama daktari Sidney Hinde. Huko Tanganyika neno lilipanda cheo. Wajerumani walipojenga ofisi zao zenye kuta, nazo zikaitwa boma, na kwenda bomani kukawa kwenda serikalini.

Kivu halikupanda cheo hicho, na nadhani sababu moja ni Kilingala. Koboma ni kuua. Hiyo ni lugha ya jeshi letu tangu zamani, na katika vijiji vya Masisi wengi walijifunza maneno yake ya kwanza kutoka kwa askari. Mzee anayesikia boma kutoka kwa mtu mwenye bunduki hafikirii uzio. Maneno mawili yasiyo na undugu wowote yamekutana mdomoni mwa watu hao hao, na moja limelisukuma lingine pembeni.

Hata gereza lina mpinzani kwetu. Linajulikana, lakini katika mazungumzo ya kila siku utasikia buloko, au kasho kwa chumba kidogo cha kufungia mtu. Kasho ni cachot ya Kifaransa. Buloko, ambayo Kilingala husema boloko, kwa kawaida huhusishwa na bloc. Tazama sauti zake kando ya gereza: konsonanti mbili za mwanzo zimetenganishwa kwa irabu, na mwishoni imeongezwa irabu nyingine. Kilingala kimenakili o. Sisi tumeweka u, inayofuata midomo ya b. Miaka mia tatu na zaidi inatenganisha mikopo hii miwili, watawala ni wengine na lugha ni nyingine, lakini ukarabati ni ule ule. Sarufi pia inatofautiana kidogo na ya pwani. Mtu wa Dar es Salaam ana Gerezani, jina la mtaa. Kenya kuna Ngomeni karibu na Malindi. Wenzetu hao wanabandika -ni. Sisi tunatanguliza ku: ku buloko, ku kilima, ku kambi.

Na ngome? Nikikusanya masimulizi kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo, nilizungumza na watu waliohama kutoka upande wa Nyabiondo na kutoka njia ya Walikale. Nilisubiri neno hilo lijitokeze lenyewe. Lilijitokeza mara moja tu, kwa mama mmoja aliyekuwa akiniambia jinsi alivyosali usiku. Kwake ngome ni ya Zaburi, na aliye ngome ni Mungu. Nilipomuuliza kama mahali walipokaa wapiganaji juu ya kijiji chake paliitwa ngome, alinishangaa, akasema wale walikuwa ku kilima, basi. Wengine walisema "ku position", kwa Kifaransa. Na waliokimbilia kando ya kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa, yenye mifuko ya mchanga, seng'enge na mnara wa mlinzi, kitu kinachofanana kabisa na ngome, walisema walilala "ku Monusco". Walitaja mlinzi bila kutaja ukuta, kwa sababu walikuwa nje ya seng'enge, wakiegemea.

Tuweke masimulizi hayo kando ya habari za redio. Mwandishi wa habari za Kiswahili mara nyingi huanza na maandishi ya Kifaransa, ambamo kuna bastion, fief, position, quartier général. Hayo ni maneno manne yenye maana nne. Bastion ni sehemu ya ukuta. Fief ni eneo la bwana na watu wake. Position ni mahali askari walipo leo na wanapoweza kutokuwepo kesho. La nne ni makao ya wakuu. Kwa Kiswahili yote yanaweza kuwa ngome. Sipingi mafumbo ya lugha. Ngome ya chama cha siasa haimdhuru mtu, kila msikilizaji anajua ni kura. Lakini ngome ya waasi ikitajwa pamoja na jina la kijiji, neno linajenga ukuta kuzunguka nyumba zote na kuwaweka ndani watu wote, kana kwamba walichagua upande. Anayesikia kwamba ngome imeshambuliwa hafikirii waliokuwa jikoni. Na anayetoka huko na kufika kizuizini akiulizwa ametoka wapi, jina la kijiji chake limekwisha kumtangulia.

Katika unukuzi wangu nimeacha ku kilima iwe ku kilima. Pale ninapotafsiri kutoka Kifaransa ninaandika kambi, makao makuu, au eneo lililoshikwa na kundi fulani tangu mwezi fulani, hata sentensi ikirefuka. Mhariri mmoja aliniambia kwamba redio haina nafasi ya sentensi ndefu. Nimezihesabu silabi: ngome ya waasi ni sita, kambi ya waasi ni sita vilevile.