Timu Ni ya Nani? Somo la Hesabu za Klabu Kutoka Tabora

Tarehe 16 Agosti 2023, Uwanja wa Azam Complex, Chamazi. Timu iliyopanda Ligi Kuu msimu huohuo inaingia uwanjani kuanza ligi dhidi ya Azam FC. Ukiwahesabu wachezaji wake, unaishia wanane. Ndani ya robo saa hivi Azam wana mabao manne, matatu yakiwa ya Feisal Salum, na wageni wawili wameumia. Wamebaki sita. Sheria ya mpira iko wazi kwamba timu ikipungua wachezaji saba mchezo hauendelei. Ukaishia hapo.

Timu hiyo ni Kitayosce, ambayo siku zilezile ilikuwa inageuka kuwa Tabora United. Mimi nilikuwa nyumbani Puge, likizo, ndani ya kibanda umiza kimoja karibu na barabara ya Nzega. Watu walicheka mwanzoni, halafu wakanyamaza. Mzee mmoja aliyekaa mbele akageuka akaniuliza, "Wewe msomi, hivi timu ya mkoa mzima imekosa hata vijana watatu wa kuongezea? Si wangetupigia simu hapa?" Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia tu, "Babu, ni mambo ya usajili." Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa.

Tuanze na jambo ambalo wanaosoma uhasibu wanalijua tangu mwaka wa kwanza, ila mashabiki wengi hatulifikirii. Klabu haifi kwa kukosa mali. Inakufa kwa kukosa hela siku ile hela inapodaiwa. Kitayosce haikukosa watu wa kucheza mpira. Ilikuwa imefungiwa kusajili kwa sababu ya madai ambayo hayakuwa yamelipwa. Kwa kanuni za soka la dunia, ukidaiwa na aliyekufanyia kazi, akashinda kesi na bado hujamlipa, unazuiwa kuandikisha wachezaji wapya mpaka umalize deni. Kwa hiyo unaweza kuwa na wachezaji 25 kambini wanaokula na kulala kwa gharama yako, na uwanjani ukaingia na wanane. Deni dogo la jana limeua mradi mkubwa wa leo. Wahasibu wanaita hali hii tatizo la ukwasi. Mtaani tunasema jamaa ana nyumba ila hana nauli.

Sasa tuone hela ya klabu ya mkoani inatoka wapi.

Mlangoni kwanza. Tuchukulie mechi ya kawaida, siyo ya Simba wala Yanga, wameingia watu 2,000 kwa tiketi ya shilingi 5,000. Hiyo ni milioni 10, na kabla haijafika kwenye klabu inakatwa kodi, gharama za uwanja na makato mengine ya mchezo. Ligi ya timu 16 inakupa mechi 15 tu za nyumbani kwa msimu. Upande wa pili, tuchukulie una wachezaji 28 na kila mmoja kwa wastani anapata milioni mbili kwa mwezi. Mishahara peke yake ni milioni 56 kila mwezi. Bado hujaweka kocha, daktari, chakula na basi. Na basi la Tabora si sawa na basi la Dar. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na timu nyingi za ligi ziko huko au karibu na huko. Timu ya Dar inaweza kucheza mechi kadhaa za ugenini na wachezaji wakarudi kulala kwao. Ya Tabora inalala hotelini kila safari. Namba hizi za mishahara na tiketi ni za mfano, lakini zibadilishe utakavyo, bado mlango hautalipa mishahara.

Halafu kuna televisheni. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu. Ukigawa kitoto, kwa miaka 10 na kwa timu 16, unapata kama bilioni 1.4 kwa timu kwa mwaka. Mgao halisi hauko hivyo, unategemea nafasi kwenye msimamo na mambo mengine, lakini hesabu hii inatosha kutuonyesha kitu: hela ya televisheni ndiyo iliyofanya klabu ndogo ziweze kupumua. Pia ndiyo inayofanya nafasi ya Ligi Kuu iwe bidhaa. Ukishuka, unaikosa. Kwa hiyo mwenye hela anaweza kuona kwamba kununua timu iliyokwisha kupanda ni rahisi kuliko kuilea timu kutoka daraja la chini.

Hapo ndipo tunapofika kwenye uhamaji. Kitayosce haikuzaliwa Tabora, ilitoka Kilimanjaro. Ihefu tuliyoijua ya Mbarali, Mbeya, ilihamia Singida na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Kabla ya hapo DTB ilikuwa imeshageuka Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, na baadaye Fountain Gate wakahamia Babati. Mtu wa Singida aliyelala miaka mitatu akiamka leo atahitaji mchoro ubaoni. Simlaumu mwekezaji anayefanya hivi, kanuni zimemruhusu. Ila shabiki wa Mbarali aliyeshangilia timu yake ikipanda daraja, leo anashangilia nini?

Watu wa Tabora tungepaswa kuelewa jambo hili haraka kuliko wengine. Mji wetu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Watawala walitoza hongo kwa waliopita, na Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora miaka ya 1870 kwa sababu hiyohiyo ya nani aishike njia. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 biashara ya wapagazi ikapungua nguvu. Aliyetegemea mapato ya wapita njia hakuulizwa maoni yake.

Wengine watasema haya ni matatizo ya Kiafrika. Hapana. Uingereza kuna mchezo unaitwa spidiwei, mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo ya mviringo. Madereva wanne, mizunguko minne, pikipiki za 500cc zenye gia moja na zisizo na breki kabisa. Ulianza kuvuma huko mwaka 1928, na miaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanja vilijaa. Leo klabu zake zinafungwa moja baada ya nyingine, na ukifuatilia utakuta kwamba nyingi hazikufungwa kwa sababu watu wameuchukia mchezo. Zilifungwa kwa sababu uwanja si wao. Wolverhampton walikimbilia kwenye uwanja wa mbio za mbwa wa Monmore Green, mwenye uwanja akautaka kwa ajili ya mbwa wake, na klabu ikamaliza msimu wake wa mwisho hapo mwaka 2023. Peterborough nao wakapoteza uwanja mwaka huohuo. Coventry hawajakimbia kwenye uwanja wao wa Brandon tangu 2016. Hawa ni watu waliokuwa na mashabiki, makombe na historia ya miaka mingi, ila karatasi ya ardhi ilikuwa na jina la mtu mwingine.

Kuna kingine kwenye mchezo ule kinachofaa kwa wanaosoma menejimenti. Wanaoiendesha ligi ya Uingereza ni wamiliki wa klabu wenyewe, wakikaa pamoja. Kila mwaka wanabishana juu ya kanuni za nani aajiriwe na timu gani, na kila mmoja anavutia kwake. Wakati huohuo madereva wazuri wanaenda Poland, ambako miji mingi inamiliki viwanja na kuvikarabati, na televisheni inalipa vizuri. Dereva mmoja anaweza kukimbilia klabu za nchi mbili au tatu ndani ya msimu mmoja, kwa sababu yeye ni fundi aliyejiajiri, pikipiki ni yake na injini ni yake. Poland mchezo una mwenyewe, ambaye ni mji. Uingereza una wapangaji.

Turudi nyumbani. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi pale Tabora ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani. Timu inacheza kama mpangaji. Haina sababu ya kuweka hela nyingi kwenye majani au viti vya mtu mwingine, na mwenye uwanja naye hana sababu ya kukarabati kwa ajili ya timu ambayo huenda mwakani haipo. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Matokeo yake tunayaona nchi nzima: Bodi ya Ligi inafungia uwanja kwa ubovu, timu inahamishia mechi zake mkoa mwingine, na hata yale mapato kidogo ya mlangoni yanapotea.

Uwanjani, nikiri, mambo yalipendeza. Msimu ule ulioanza na wachezaji wanane, Tabora United walinusurika kushuka kupitia mechi za mchujo. Tarehe 7 Novemba 2024 wakarudi palepale Chamazi, kwenye nyasi zilezile za aibu, wakawapiga Yanga 3-1. Siku chache baadaye Yanga wakaachana na kocha wao Miguel Gamondi. Kibanda chetu cha Puge usiku ule hakikutosha, watu walisimama hadi barabarani. Lakini ushindi ule haukubadilisha hata mstari mmoja kwenye orodha ya nani anamiliki nini.

Kilichoibadilisha ni ununuzi. Msimu wa 2025/26 klabu iliuanza ikiitwa TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato. Wengi tulishusha pumzi. Mwenye timu sasa ana ofisi kila wilaya na, kama watani walivyosema, hawezi kukosa hela kwa sababu zote zinapitia kwake. Utani mzuri, lakini kiuhasibu si sahihi: kodi inayokusanywa si hela ya mkusanyaji.

Nina wasiwasi, na wasiwasi wangu unatoka kwenye historia. Miaka ya 1970 na 1980 ligi yetu ilijaa timu za mashirika ya umma. Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, RTC Kagera, CDA ya Dodoma, Bandari ya Mtwara, Sigara ya Dar es Salaam. Zilikuwa na wachezaji wenye ajira na mshahara wa uhakika, jambo ambalo klabu nyingi za leo hazina. Kisha mageuzi ya uchumi yakaja, mashirika yakauzwa, yakavunjwa au yakabana matumizi, na timu ndiyo ilikuwa ya kwanza kukatwa kwenye bajeti. Hakuna bodi iliyokaa ikaamua kuua mpira wa Morogoro. Waliamua tu kufuta kifungu cha matumizi. Pamba imerudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa Pamba Jiji, chini ya halmashauri ya jiji, baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 20.

Kwa hiyo timu ya taasisi ni salama kuliko ya tajiri mmoja siku ya mshahara, hilo sibishi. Ila nayo inategemea mstari mmoja wa bajeti ulioandikwa na mtu wa Dar au Dodoma. Simba na Yanga, pamoja na kelele zao zote, zina kitu ambacho hatuna: wanachama. Kanuni inataka klabu za wanachama ziwabakishie asilimia 51 hata mwekezaji anapoingia. Tabora hatuna hata asilimia moja. Hatuna kadi, hatuna mkutano mkuu, hatuna pa kuuliza swali. Wanaosema shabiki wa mkoani hataki kulipa ada ya uanachama wanasahau kwamba mtu anatoka Puge kilomita 56 kwenda Tabora, analipa nauli, tiketi na chakula, anarudi usiku. Huyo ameshalipa. Hajapewa risiti tu.

Ningeanza na vitu vidogo. Klabu itangaze mapato ya mlangoni kila mechi, siku ileile, kwenye ubao pale uwanjani. Ipangwe mikataba ya uwanja ya miaka mingi badala ya msimu mmoja, ili mtu awe na sababu ya kupanda majani. Na kabla timu haijahamishwa mkoa au kubadilishwa jina, mashabiki wa mahali ilipo wapewe miezi kadhaa ya kusikilizwa, hata kama hawana kura.

Bodi ya ligi au wizara wakishindwa, sisi tuna kazi yetu. Likizo ijayo wanafunzi wa uhasibu na takwimu mnaotoka Tabora, Nzega na Igunga, tukutane uwanjani kwenye mechi moja ya nyumbani. Wanne tukae kila lango na daftari, tuhesabu vichwa na bei za tiketi, dakika 90. Nimeshampigia simu yule babu. Amesema atakuja, lakini lango la jukwaa kuu ni lake, ana macho mazuri na hapendi watu wanaopita bure.