Mwanafunzi Atumiaye Mkono wa Kushoto katika Somo la Mwandiko

Miongoni mwa mazoea ambayo walimu huyarithi kutoka kwa walimu wao ni lile la kumchapa mtoto vidole kwa kuwa ameshika kalamu kwa mkono wa kushoto. Mwalimu afanyaye hivyo huamini kwamba anarekebisha kasoro. Yafaa tujiulize: kasoro gani?

Katika kila watu 10, takribani mmoja hutumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 45 atarajie kuwakuta wanne au watano. Neno "kawaida" ndilo hutuponza hapa, kwani hubeba maana mbili: lile lifanywalo na wengi, na lile lililo sahihi. La kwanza hujulikana kwa kuhesabu. La pili huhitaji sababu. Mwalimu aliyekwisha kuhesabu asidhani kwamba amekwisha kutoa sababu.

Ni kweli kwamba desturi zetu hutaka mkono wa kulia katika kula na kusalimiana. Jina lenyewe lasema ni mkono wa kulia chakula. Katika hilo mwalimu asishindane na wazazi. Lakini kalamu si tonge.

Shida halisi ya mtoto huyu ni nyingine. Maandishi yetu huanzia kushoto kwenda kulia, hivyo mkono wake hufuata nyuma ya maneno, huyafunika na kuyachafua. Ili aone anachoandika, hukunja kifundo cha mkono, akachoka upesi. Mketishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko visigongane na vya jirani. Mwelekeze alaze daftari, sehemu ya juu ielekee kulia kidogo, na ashike kalamu mbali kidogo zaidi na ncha. Akigeuza herufi b ikawa d, usiulaumu mkono: wanafunzi wengi wa darasa la kwanza hufanya hivyo, wawe wa kulia au wa kushoto.

Ipo hali moja ya kuangaliwa kwa makini. Mtoto aliyezoea mkono wa kulia akihamia ghafla kushoto, au mkono wake mmoja ukionekana dhaifu, huyo si wa kufundishwa mwandiko siku hiyo. Waite wazazi wake, apelekwe hospitali bila kukawia.