T-BELT si Mkanda wa Kiti

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kwenda chuo, na pale nyumbani Mbeya mimi ndiye nilikuwa msomaji wa kila kitu cha Kiingereza: maelezo ya dawa, barua ya benki, hata maandishi ya mfuko wa mbolea. Kwa hiyo taa ndogo ilipowaka kwenye dashibodi ya Hiace yetu, baba hakwenda kwa fundi. Aliniuliza mimi.

"Hapo pameandikwa nini?"

Nikasoma T-BELT, nikajibu bila hata kufikiri: "Mkanda wa kiti, baba. Inakukumbusha ufunge."

Akafunga. Taa haikuzimika, tukaizoea.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunapandisha Isyonje na abiria wa Tukuyu, mimi nikiwa konda. Injini ikazima ghafla. Hakuna moshi, hakuna kishindo cha maana. Baba alipojaribu kuwasha, ilizunguka nyepesi mno, kama haina kitu ndani. Akatoa ufunguo, akanyamaza. Mimi nikaanza kurudisha nauli.

Kumbe ile T ni ya taimingi. Fundi wa Mwanjelwa alinieleza hivi, na nakiri alifundisha vizuri kuliko baadhi yetu tulivyofanya kwenye mazoezi ya ualimu. Chini ya injini kuna krenkshafti inayozungushwa na pistoni. Juu kuna kemshafti inayofungua na kufunga valvu. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kemshafti lazima izunguke mara moja kamili. Kwenye injini yetu, 5L ya dizeli, kinachoziunganisha ni mkanda wa mpira wenye meno, na mkanda huohuo unazungusha pampu ya dizeli. Mpira unachoka. Ile taa haiuoni mkanda, inahesabu kilomita tu: zikifika 100,000 inawaka, na ukishabadilisha mkanda lazima ianzishwe upya.

Mkanda ukikatika, kemshafti inasimama wakati pistoni bado zinapanda. Kwenye dizeli nafasi ya juu ni ndogo sana, kwa hiyo pistoni zinagonga valvu zilizobaki wazi. "Ingekuwa Corolla ya 5A," fundi alisema, "ungeivuta mpaka hapa, nikafunga mkanda mpya, ukaondoka." Yetu ilikuwa imepinda valvu.

Halafu akamgeukia baba: "Mzee, taa haikuwaka?"

"Iliwaka," baba akajibu. "Nilidhani ni ya mkanda wa kiti."

Nilidhani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika spana.

Sasa hesabu. Kama tungebadilisha mapema: mkanda 65,000, tenshena 45,000, sili mbili za oili 20,000, ufundi 50,000. Jumla 180,000. Tulicholipa, pamoja na valvu, kazi ya silinda hedi, gasketi na ufundi, ni 1,350,000, na gari ikalala siku 18 bila kuingiza hata shilingi. Pesa hiyo ndiyo ilikuwa ada yangu. Wenzangu niliomaliza nao shule sasa wako mwaka wa tatu, mimi niko wa pili. Watu wengi hapa chuoni wanadhani boom ndilo lilinichelewesha, nami sijawahi kuwasahihisha.

Siku ya kufunga mkanda mpya nilishinda gereji. Viti vya mbele vinanyanyuliwa, maana injini iko chini yake. Maji ya rejeta yanamwagwa, feni na mikanda ya nje vinatoka, kisha puli kubwa ya krenki, ambayo bolti yake ilitutoa jasho watu wawili, halafu kava. Ndani kuna alama kwenye krenki, kemshafti na pampu ya dizeli. Zote lazima zikae mahali pake ndipo mkanda uvalishwe. Jino moja tu likiruka, umeharibu. Sili zinabadilishwa palepale kwa sababu oili ikivujia mkanda inaumaliza mapema. Tenshena ikishakaza, fundi hawashi gari: anaizungusha injini kwa spana, mizunguko miwili mizima ya krenki, kisha anaangalia alama tena. Akiona fundi anarukia kuwasha bila hatua hiyo, mwenye gari ana haki ya kumsimamisha.

Kama nyumbani kuna gari, uliza injini ni ipi. IST au Vitz yenye injini ya 1NZ ina cheni, si mkanda, kwa hiyo asije mtu akawauzia mkanda. Kwenye 3S mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji pia, ni vizuri kuikagua au kuibadilisha kwa pamoja, la sivyo ikianza kuvuja mtalipia ufundi uleule mara mbili. Na ukinunua gari lililotumika na hakuna kumbukumbu ya lini mkanda ulibadilishwa, weka pesa ya mkanda mpya ndani ya bei ya gari.

Baba ameandika kilomita za siku ile kwa kalamu ya wino mzito kwenye kava la taimingi. Likizo iliyopita taa nyingine iliwaka. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia lolote, tukaenda wote Mwanjelwa.