SOMO: NDUGU WAWILI NA UIMBAJI WA KALE



Sisi watu wa visiwani tunaujua muziki wa Kihindi tangu zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay, nchini India, kurekodi santuri zake. Leo tusome habari za waimbaji wawili wa huko huko India, mtu na mdogo wake. Mkubwa ni Nasir Moinuddin Dagar, aliyezaliwa 1919. Mdogo ni Nasir Aminuddin Dagar, aliyezaliwa 1923.

Uimbaji wao unaitwa dhrupad. Ni wa zamani sana. Katika karne ya 16 uliimbwa mbele ya mfalme Akbar. Baadaye watu wakapenda uimbaji mwingine, na dhrupad ikabaki kwa koo chache. Ukoo wa Dagar ni mmojawapo. Wao ni Waislamu, na nyimbo nyingi za dhrupad hutaja miungu ya Wahindu. Hata hivyo walizitunza, kwani ndiyo kazi waliyoachiwa na wazee wao.

Dhrupad huimbwaje? Kwanza hakuna ngoma wala maneno. Mwimbaji huvuta sauti polepole kwa silabi tu: te, re, ne, na. Unakumbuka ba, be, bi, bo, bu ya darasani? Basi wao kwa silabi kama hizo huweza kuimba hata saa nzima. Ndipo maneno na ngoma huingia. Ndugu hawa walipokezana. Mmoja akiimba, mwenzake husikiliza. Akinyamaza, mwenzake huendelea pale pale.

Baba yao alikufa 1936, Aminuddin hajafika miaka 14. Jamaa wa ukoo wakawafundisha. Mwaka 1964 walikwenda kuimba Ulaya. Mwaka 1966 Moinuddin akafa. Je, Aminuddin alinyamaza? Hapana. Aliendelea kuimba na kufundisha. Alikufa mwaka 2000.

Wadogo zao, Zahiruddin na Faiyazuddin, nao waliimba pamoja. Faiyazuddin alipokufa 1989, Zahiruddin aliimba na Wasifuddin, mtoto wa marehemu. Kila mmoja alipoondoka, alikuwapo wa kupokea.

Sasa tujitazame sisi wa Jadida. Wako wazee wanaojua nyimbo za msewe, za harusi na za shambani. Mzee akifa hana mwanafunzi, wimbo wake unazikwa naye. Wewe umejua kuandika. Chukua daftari, kaa na bibi au babu, andika maneno yake. Lakini daftari halina sauti. Kwa hiyo muimbe pamoja, na mtoto awepo asikie.

MANENO MAPYA
Kupokezana: kufanya kazi kwa zamu, mmoja baada ya mwingine.
Koo: wingi wa ukoo.

MASWALI
1. Dhrupad huanza kwa maneno au kwa silabi?
2. Aminuddin alifanya nini baada ya kaka yake kufa?
3. Taja wimbo mmoja wa wazee wako. Nani ataupokea?