Kujifunza Maneno ya Kiingereza Kidogo Kidogo

Wako watu wa Zinga na vijiji vya jirani watamanio sana kujua Kiingereza. Mtu hupata kamusi, akakariri ukurasa mzima usiku mmoja, na baada ya juma moja hakumbuki hata neno moja. Kimponzacho ni pupa.

Na tuwatazame wageni waliojifunza lugha yetu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844; kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, naye amekwisha kufariki. Padre Charles Sacleux, aliyekaa Unguja na Bagamoyo, aliyakusanya maneno ya pwani yetu, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka mwaka 1939. Kazi hizo zilitaka miaka mingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi atakaye kujifunza na afanye hivi. Achague maneno matatu tu kila siku, yaliyo ya kazi yake: mkulima ya shamba, mvuvi ya bahari, karani ya barua. Ayaandike katika daftari, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Asubuhi ayasome kwa sauti. Jioni afunike upande mmoja, ajipime. Siku ya saba asiongeze neno, ila ayarudie yote ya juma. Mwaka ukiisha atakuwa amejifunza maneno 936.

Lakini asiandike neno likiwa peke yake. Aliandike pamoja na wenziwe, ndipo maana yake ionekane. Kwetu mtu husema, "Niazime jembe," na tena, "Nimeazima jembe kwa jirani." Neno ni lile lile kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kupokea. Waingereza wana mawili: "lend" ni la mwenye kutoa, na "borrow" ni la mwenye kupokea. Mtu akiyachanganya katika hati ya deni, yeye mwenye kudai hujifanya mdaiwa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo aandike: "I lend him my hoe," yaani namwazima jembe langu, na "I borrow his hoe," yaani naazima jembe lake.

Msomaji, anza jioni ya leo na hayo mawili. La tatu ulichague mwenyewe.